Siku ya watu kuleta vitu na picha za zamani kwenye makumbusho ya mji: tuanzie wapi, tukatae nini?

Pwani_Kusini

Wakuu, salaam. Ninaandika kwa niaba ya kamati ya makumbusho madogo ya historia ya mji, pwani ya mkoa wa Lindi. Jengo ni la zamani, mawe ya matumbawe na chokaa: vyumba viwili vya maonyesho, stoo moja, baraza pana, ua wa mchanga wenye mwembe. Vifaa ni skana moja ya A4, kompyuta moja, simu mbili zenye kamera nzuri na friza moja ya kulala. Umeme upo ila unakatika. Watendaji ni watatu, na walimu wastaafu sita wamekubali kujitolea.

Tunataka siku moja ya jamii. Watu wa mjini na vijiji vya jirani walete picha, barua, kanga, vyombo na chochote cha zamani, tuvitazame pamoja na kuandika habari zake. Wazee wasimulie, jioni ngoma. Tunayoyawinda zaidi ni manne: kazi za mkonge na korosho, mpango wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea na reli yake, Vita vya Majimaji, na uchimbaji wa mifupa ya dinosaria Tendaguru. Makadirio ni watu 150 hadi 200.

Tunaomba ushauri wa meza na makaratasi, kunakili picha nyingi kwa siku moja, tarehe inayofaa, na vitu ambavyo tusivipokee kabisa. Mjumbe mmoja anapendekeza tununue vitu vizuri papo hapo kabla walanguzi hawajavifikia. Mnasemaje?

MtunzaStoo

Mkuu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linaloweza kuharibu yote. Msinunue hata kijiko. Fedha ikionekana mezani saa tatu asubuhi, saa sita kijana atakuja na kinu cha bibi yake ambaye hana habari. Wiki ijayo mtaletewa vinyago vipya vilivyofukizwa moshi ili vionekane vikuukuu. Na kitu kilichouzwa haraka huja bila habari zake: nani alikitumia, alikipata wapi, kiliitwaje nyumbani. Makumbusho mengi madogo yana rafu zilizojaa vitu vya namna hiyo, havina jina wala kwao.

Siku ya kwanza kusanyeni habari, vitu viacheni na wenyewe. Kanuni iwe moja na iandikwe kwenye tangazo lenyewe: kila kitakachoingia mlangoni kitarudi na mwenyewe jioni ileile. Wazee wakishajua hivyo, watavitoa hata vilivyo uvunguni mwa kitanda.

Meza ziwe tatu, na mtu azipite kwa mpangilio mmoja tu.

Ya kwanza iwe barazani, mlango wa kuingilia. Hapo kitu kinapewa namba ya muda. Tumieni kadi nene yenye uzi wa pamba, iandikwe kwa penseli ya 2B. Kalamu ya wino huvuja kwenye unyevu wa pwani na kuacha doa. Namba iwe na mwaka, mtu na kitu: mtu wa 14 mwenye vitu vitatu anapata M-2025-014-1, -2 na -3. Hiyo M ni ya "muda", isije ikachanganywa na namba za daftari la makusanyo yenu. Msitumie gundi, selotepu wala stika juu ya kitu chenyewe. Gundi ya stika hubaki kwenye mbao na karatasi hata stika ikibanduka.

Hapohapo ijazwe hati ya kupokelea, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Ya juu anaondoka nayo mwenye kitu, ya chini inabaki kwenye kitabu. Mambo ya lazima ni jina la mwenye kitu na kijiji, kitu chenyewe kwa jina analolitumia yeye (Kimwera, Kimakonde, Kimachinga, msimsahihishe), vipimo kwa sentimita, kasoro zinazoonekana, saa ya kupokea na saa ya kurudisha. Kasoro ndiyo sehemu inayorukwa na ndiyo inayoleta ugomvi. Andikeni "ufa wa sm 4 mdomoni" kabla kitu hakijaondoka mbele ya mwenyewe. Chombo kilichoingia na ufa na kutoka na ufa bila maandishi kitasemekana kimepasuliwa na makumbusho.

Meza ya pili ni ya mahojiano mafupi, dakika kumi kwa kila kitu. Mwalimu mmoja anauliza, mwingine anaandika. Yatosha maswali matano: kilitengenezwa wapi na nani, kilitumikaje, kilifikaje mikononi mwako, kiliacha kutumika lini, na nani mwingine anakijua. Hili la tano ndilo litakalowapeleka kwa mtu wa pili na wa tatu. Meza ya tatu ni ya picha na skana, hiyo nawaachia wanaoijua kuliko mimi.

Sasa vya kukataa. Hapa msione aibu, maana ni sheria.

Pembe za ndovu, ngozi za chui, kucha na meno ya simba: hizo ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama ziliachwa na babu. Makumbusho ikizipokea mezani inamwingiza mzee matatizoni na yenyewe pia. Tangazo liseme wazi: usilete. Nanyi mkazungumze mapema na ofisi ya wanyamapori ya wilaya mjue utaratibu kabla siku haijafika.

Magobori na risasi: msiguse. Gobori la miaka mia laweza kuwa na baruti ndani ya mtutu. Mweleze mwenyewe njia ya polisi.

Mifupa iliyogeuka mawe: kwa kuwa mnataja Tendaguru, hakika kuna mtu atakuja nayo. Visukuku viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Msikipokee kipande, ila andikeni mahali kilipookotwa kwa usahihi wote mnaouweza (kijiji, kijito, ramani ya simu), mpeleke taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Kipande kilichotolewa ardhini bila mahali pake kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maana yake, kwa hiyo tangazo liwaombe watu wasichimbe wala kuokota. Sheria hiyohiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na milango na miimo ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mtu akija kuuliza bei ya mlango wa nyumba ya baba yake, mwelezeni kwamba hauuzwi hivihivi bila kibali.

La mwisho ni vitu vya siri. Vyombo vya unyago na jando, vinyago vya mapiko (vya ngoma za Wamakonde), mikoba ya waganga. Si kila mtu anaruhusiwa kuviona. Vikija, visiwekwe mezani hadharani wala kupigwa picha mpaka wahusika waamue: makungwi kwa vya unyago, mangariba na wazee wa jando kwa vya kwao. Tengeni chumba kimoja chenye pazia. Mwenye kitu akisema kisipigwe picha, andikeni habari anazoruhusu na muishie hapo.

SkanaNaSauti

Nachukua meza ya tatu.

Hesabu kwanza, maana wengi huahidi kunakili kila picha na jioni kunabaki foleni ya watu wenye hasira. Skana moja, pamoja na kuandika majina ya waliomo, inakula dakika tano kwa picha. Saa sita za kazi ni picha 72, hakuna ujanja. Mkiweka kikomo cha picha tano kwa mtu, mmehudumia watu 14. Kwa watu mnaowatarajia hiyo haitoshi, kwa hiyo skana iachieni picha ndogo na zilizochakaa, na picha kubwa, vyeti na barua vipigwe kwa simu.

Mipangilio ya skana: picha ya kawaida ya sm 10 kwa 15, dpi 600 (vitone kwa inchi), rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, faili la TIFF (aina isiyopunguza ubora). Kila moja itakuwa na ukubwa wa takriban MB 25, kwa hiyo picha 72 ni kama GB 1.8. Pasipoti na picha ndogo za vitambulisho zipeni dpi 1200. Zimeni kila kitu kinachojiita "kuboresha picha" kwenye programu ya skana, kwa kuwa kinafuta mikunjo na wakati mwingine kinafuta uso. Skanini na nyuma ya picha pia ikiwa ina mwandiko au muhuri wa studio. Mara nyingi tarehe iko huko.

Jina la faili liwe namba ileile ya kadi, M-2025-014-2a kwa mbele na -2b kwa nyuma. Msiweke jina la mtu kwenye faili.

Kwa simu: meza iwe barazani upande usio na jua, karatasi nyeusi chini, simu kwenye kishikio kilichofungwa imara na kutazama chini wima. Pimeni kwa timazi. Bila flashi. Picha zenye mng'ao zigeuzeni kidogo au mzibe mwanga wa mbele kwa kitambaa cheusi. Weka rula ya sentimita ukingoni mwa kila picha ya kitu.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue. Unyevu umeyeyusha tabaka la juu likashikana na kioo, ukivuta uso wote unabaki kwenye kioo. Nakilini ikiwa humohumo ndani ya fremu. Zile za albamu za gundi na nailoni nazo vivyo hivyo, skanini ukurasa mzima.

Glavu: za mpira wa nitrile kwa negativu na picha. Za kitambaa sizipendi, zinafanya vidole vizito na zinanasa kwenye kingo zilizochanika. Kwa barua na vitabu mikono mitupu iliyonawa kwa sabuni na kukauka kabisa ni bora zaidi. Jambo hili lina imani nyingi mitaani, lakini karatasi kuukuu huchanwa na kidole kisichohisi.

Nakala tatu kabla hamjalala: kompyuta, diski ya nje, na flashi itakayolala nyumba nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika, hivyo kompyuta iwe na betri nzima na skana ichomekwe kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme.

Kurekodi wazee msikufanyie uani. Chumba cha ndani kabisa, madirisha yafungwe, feni na friza vizimwe, magodoro mawili yaegemezwe ukutani kuua mwangwi. Nyumba za mawe zina mwangwi mbaya sana. Maiki ya kubana kwenye nguo iwe sm 20 chini ya kidevu, na kanga au shanga zisisugue juu yake. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Mipangilio ya sauti iwe faili la WAV, kHz 48, biti 24, mkondo mmoja: saa moja ni kama MB 520. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina, na mzee mwenyewe aseme kwa sauti yake kwamba amekubali na matumizi yapi. Dakika 45 zinatosha, halafu chai. Aongee lugha anayoiota. Kazi ya kutafsiri itakuja, na jiandaeni: saa moja ya sauti huchukua saa tano au sita kuandikwa.

Jenereta iwe upande wa pili wa jengo, kule upepo unakoelekea. Na ngoma zisianze kupashwa moto kabla maiki hazijafungwa.

Kisesa_Mwz

Kuhusu tarehe, kosa la kawaida ni makumbusho kuchagua siku yake halafu kuwaita watu. Tazameni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Padre David Clement na kamati ya utafiti ya Wasukuma walianza kazi miaka ya 1950, na tamasha kubwa la mahali pale, Bulabo, limeshikamana na sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha. Ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, ulikuwepo karne moja kabla ya makumbusho. Kwa hiyo makumbusho haikulazimika kutafuta watazamaji, ilijenga nyumba pale ambapo watu walikuwa na sababu ya kwenda. Songea nao wana 27 Februari, siku Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Siku hiyo haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa kule.

Kwa Lindi angalieni kalenda ya mkulima. Mvua zenu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Kuanzia mwezi wa tisa watu wako kwenye korosho. Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, 18 Mei, inavutia kwenye karatasi, lakini barabara za vijijini bado zina tope na mavuno hayajakamilika. Julai ndiyo nzuri. Mwanzo wa Agosti uacheni, kwa kuwa Nane Nane ya kanda ya kusini inafanyika palepale Ngongo na mtagombania watu, ngoma, maturubai na magari. Ila mnaweza kuchukua kibanda kule kuonyesha nakala za picha mlizokusanya Julai. Jumamosi inafaa, kuanzia saa mbili na nusu. Ijumaa haifai kwa mji wenu, mtapoteza mchana wote.

Tena Julai ni wakati wa jando na unyago vijijini. Ulizeni wenyeviti wa vijiji kabla ya kupanga, mkute kijiji kizima hakina mtu wa kuja.

Ngoma: mduara wa wachezaji uwe na kipenyo cha mita 12, uchorwe kwa chokaa, kamba kwa watoto. Moto wa kupasha ngozi uwe mbali na makuti na upande ambao upepo hauelekei jengo, ndoo mbili za mchanga kando. Ngoma zichezwe ni za wachezaji wenyewe. Zilizopo stoo zisitoke.

MtunzaStoo

Naunga mkono hilo la ngoma za stoo kwa sababu moja ambayo haijatajwa. Makusanyo ya zamani mengi yalipigwa dawa za wadudu zenye arseniki au DDT, na dawa hizo hazitoki. Ngozi, manyoya, vikapu na vinyago ndivyo vilivyopigwa zaidi. Ukiona unga mweupe kwenye mikunjo, au daftari la zamani likitaja "kupuliziwa dawa", kitu hicho kishikwe kwa glavu na kisivaliwe wala kupigwa. Mchezaji aliyevaa kinyago hicho anatoa jasho na kuvuta pumzi ndani yake kwa saa nzima.

Na kuna jambo nililisahau: wadudu wanaoingia. Vitu 200 vya nyumbani vitapita kwenye baraza lenu siku hiyo. Kitu chenye vitundu vidogo na unga mpya wa mbao chini yake kina wadudu hai. Kisiingie vyumba vya maonyesho, kipigwe picha nje na kufungwa mfukoni mpaka mwenyewe aondoke nacho. Kesho yake fagieni baraza na muangalie nyufa.

Siku mkikubali kitu kibaki (baadaye, kwa hati ya kukabidhi yenye saini ya mwenyewe na shahidi wa familia), friza yenu itafanya kazi. Kitu cha mbao, kikapu au nguo kifungwe kwenye nailoni nzito, hewa itolewe, mdomo uzibwe kwa tepu. Nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Umeme ukikatika saa nyingi hadi friza ikapoteza ubaridi, hesabu inaanza upya, kwa hiyo wekeni kipimajoto ndani na muandike kila siku. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite, la sivyo umande utatua juu ya kitu badala ya juu ya nailoni. Msigandishe ngoma yenye ngozi iliyokazwa, picha, vitu vyenye rangi nene wala pembe. Hivyo hupasuka.

KangaNaSarafu

Watu watauliza "hiki ni cha mwaka gani?" na walimu wenu wasibahatishe. Kuna alama chache zinazotosha kwa vitu vitakavyokuja kwa wingi.

Kanga: soma pindo kwanza, kisha jina. "Mali ya Abdulla" na herufi K.H.E. ni za duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na duka lilianza 1887. Hivyo alama hiyo peke yake haikupi tarehe. Ikiwa imechapwa Urafiki, haiwezi kuwa kabla ya 1968, maana ndipo kiwanda kilipofunguliwa Dar es Salaam. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni dalili ya ukongwe. Kanga zenye TANU, CCM au sikukuu ya taifa zinajitaja zenyewe: CCM ilizaliwa 5 Februari 1977. Msizipige pasi na msizikunje kwa mkunjo mkali. Zizungusheni kwenye bomba la karatasi lililovishwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato.

Sarafu: yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai upande wa pili ni pesa ya kampuni ya Kijerumani, 1890 hadi 1892. Heller, sarafu ndogo za Wajerumani, zilianza 1904, 100 kwa rupia moja. Heller 5 yenye tundu katikati ni ya 1913 au 1914. Yenye simba na "East Africa" ni ya Waingereza, shilingi yao ilianza 1921, na shilingi ya Tanzania ikaja 1966. Msiache mtu azing'arishe kwa limau, ukwaju au majivu, hata kwa nia njema. Ngozi ya juu ikishatoka hairudi, na mara nyingi mwaka unatoka nayo.

Hati: "Tanganyika Territory" ni Waingereza. Hati yenye jina "Tanzania" haiwezi kuwa kabla ya Oktoba 1964, maana kati ya Aprili na hapo jina lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zikija, nakilini kurasa zote pamoja na bahasha na muwatafute walimu wa madrasa wazee wanaozisoma. Ni urithi mkubwa kusini huku na unaliwa na mchwa kila mwaka. Zipeni foleni yake.

Pwani_Kusini

Asanteni sana, wakuu. Julai, Jumamosi, hakuna kununua. Tumekubaliana. Mawili yamebaki: je, wazee wapewe posho? Na kwa Majimaji na Tendaguru, tuulize nini hasa, ikiwa waliokuwepo hawapo tena?

SkanaNaSauti

Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na posho sawa kwa kila mzee anayerekodiwa, iwe imetangazwa mapema. Isitegemee urefu wa hadithi wala mada. Mzee akihisi Majimaji inalipa kuliko mkonge, atawapa Majimaji.

MwalimuHistoria_Kilwa

Kuhusu kuuliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walisambaa vijijini kukusanya simulizi za Majimaji, na waliwakuta watu waliokuwa hai 1905. Nafasi hiyo imekwisha, na swali la "vita vilianzaje?" leo litawapa kitabu cha shule kilichokaririwa. Ulizeni mahali na majina badala yake. Kaburi lipi halilimwi? Kisima hiki kiliitwaje zamani? Nani katika ukoo alipewa jina kwa sababu ya njaa iliyofuata vita? Shamba la pamba la jumbe lilikuwa wapi? Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, vita vilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba ya shamba kama hilo, kwa hiyo swali la pamba huwa linafungua mengi. Wekeni ramani kubwa ya wilaya mezani, karatasi ya uwazi juu yake, na kila mzee aweke alama kwa kidole chake, mwalimu aandike namba ya rekodi kando ya alama.

Tendaguru ni tofauti kidogo. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, na vibarua walifika mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kuwa kubwa kwenye ubao wenu kuliko la profesa yeyote. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na kubebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Waingereza nao walikuja miaka ya 1920. Ulizeni njia: wapagazi walilala wapi, walikula nini, wimbo gani wa kubebea mzigo uliimbwa, nani alileta nyumbani misumari, turubai au kopo la safari ile. Vitu hivyo vidogo huenda bado vimo majumbani na wenyewe hawajui kwamba ni historia.

Kwa reli ya karanga mna bahati, walioiona bado wapo. Ilianzia Mkwaya kwenda Nachingwea, baadaye ikafikishwa Mtwara, ambako bandari ilifunguliwa 1954, na iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mataruma na vipande vya reli viligeuka nguzo, ngazi na madaraja ya miguu vijijini. Pelekeni watu wawili na simu wakavipige picha vilipo, wiki moja kabla ya siku yenyewe, na mzichape picha hizo zibandikwe barazani. Zitawafungua watu midomo wakiwa bado kwenye foleni.

Halafu kila aliyewapa picha apewe nakala moja, saizi ya postikadi, nyuma imeandikwa namba yake kwa penseli, ipelekwe kijijini kwa mkono ndani ya mwezi mmoja. Anayeipeleka awe na daftari. Kule nyumbani wakiitazama nakala pamoja, ndipo wanapowataja wale watu wawili wa mstari wa nyuma ambao mezani hakuna aliyewakumbuka.